Mzaha na Usaha: Nani Anachekwa katika Sinema za Kimya za Makauboi?

Utangulizi

Katika uhakiki wetu wa vyuoni, kichekesho ni mtoto wa kambo. Tanzia ina heshima yake, riwaya ina heshima yake, hata shairi la beti tatu lina watetezi wake. Lakini mwambie mwenzako kwamba unataka kuandika juu ya vichekesho, atakuuliza papo hapo, "Sasa dhamira yake nini?" Ukiongeza kwamba vichekesho vyenyewe ni sinema za kimya za Marekani, za makauboi, zilizotengenezwa miaka mia moja na zaidi iliyopita, hapo utachekwa wewe mwenyewe.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba swali hilo la dhamira, likiulizwa vizuri, lina jibu, na jibu lenyewe si la kuchekesha. Nitazichambua hasa filamu tatu: Out West ya mwaka 1918, The Paleface ya mwaka 1922 na Go West ya mwaka 1925. Katika zote tatu yumo mwigizaji mmoja, Buster Keaton, mtu aliyezaliwa Kansas mwaka 1895, akakulia jukwaani pamoja na wazazi wake, na akawa maarufu kwa kuwachekesha watu bila yeye mwenyewe kucheka.

Nakiri mapema kwamba vifaa vyetu vya kawaida vinapwaya hapa. Tumezoea kuweka fani upande huu na maudhui upande ule, halafu tunashuka na orodha: muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Matumizi ya lugha yapi, jamani, na hakuna anayesema? Kuna vibao vichache vya maandishi vinavyopita katikati ya picha, basi. Mengine yote ni miguu, mikono, kofia na farasi. Mtu akiteleza akaanguka, kule kuanguka kwake ni fani au ni maudhui? Mimi naona havitenganishiki. Kwa hiyo nimechagua kuanza na swali dogo zaidi: anayechekwa ni nani, na je, ana nafasi ya kujibu?

Swali hili halikunijia maktabani. Lilinijia bwenini usiku mmoja, tulipokuwa watano tumeizunguka kompyuta ya mwenzetu tukiitazama Out West. Pana mahali tulicheka sana. Halafu mmoja wetu akanyamaza, akauliza, "Hivi tunamcheka nani?" Hakuna aliyemjibu. Mimi nilikuwa nimekwisha kucheka, na kicheko kikishatoka hakirudi. Makala hii ni jaribio la kukieleza kicheko kile.

Kauboi na majigambo yake

Ili tuuelewe mzaha, kwanza tumjue anayefanyiwa mzaha. Mwaka 1903 Edwin S. Porter alitoa filamu iitwayo The Great Train Robbery, yaani wizi mkubwa wa treni. Ina urefu wa dakika kumi na mbili hivi. Majambazi wanaiteka treni, wanaiba, wanakimbizwa, wanauawa. Ipo picha moja ambayo haina kazi yoyote katika hadithi: jambazi mmoja anatutazama sisi watazamaji, ananyoosha bastola, anatupiga risasi. Wenye majumba ya sinema waliruhusiwa kuiweka mwanzoni au mwishoni, wapendavyo.

Baada ya filamu ya namna hiyo kauboi alipata sura yake. Ilipofika miaka ya 1910 mwigizaji William S. Hart alikuwa amemfanya kuwa mtu mzito kabisa: uso mkavu, bastola mbili, moyo mwema uliofichwa ndani ya mtu mbaya, na mara mojamoja chozi. Kwa lugha ya vijiweni kwetu, huyo ndiye stelingi, na stelingi hafi.

Tukimtafutia ndugu katika sanaa zetu za maonyesho, ndugu yake ni mtu wa majigambo. Katika majigambo shujaa husimama mbele ya watu akataja vita alivyopigana na adui aliowaangusha. Kauboi wa sinema ya kimya hana mdomo, lakini anajigamba vilevile: kofia yake inajigamba, mwendo wake unajigamba, bastola yake ndiyo inayotamba kwa niaba yake. Tofauti ni kwamba mtu wa majigambo hujigamba mbele ya wanaomjua, nao wanaweza kumguna akizidisha. Kauboi ameketi ndani ya picha. Hagunwi na mtu.

Hata hivyo ndani ya The Great Train Robbery pana tukio moja dogo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko wizi wenyewe. Watu wanacheza dansi ukumbini. Anaingia mgeni, mtu wa mjini, hajui taratibu za huko. Wenyeji wanamzunguka, wanatoa bastola, wanapiga risasi sakafuni karibu na miguu yake, naye anarukaruka. Wanacheka. Sisi nasi tunatakiwa tucheke.

Wasomaji waliosoma shule za bweni hawahitaji maelezo marefu. Huyo mgeni ni njuka. Mimi nilipoingia kidato cha tano, usiku wa kwanza tulipandishwa juu ya masanduku, tukaimbishwa, tukachezeshwa, na waliokuwa wakituchezesha walikuwa na fimbo badala ya bastola. Mwaka uliofuata wakaja njuka wengine. Sitasema uongo: fimbo ile niliishika na mimi.

Jambo la kushangaza ni kwamba aliyeigiza yule mgeni mwaka 1903 ni Gilbert M. Anderson, mtu yule yule ambaye baadaye alijulikana duniani kwa jina la Broncho Billy, mmoja wa makauboi wa kwanza kabisa kupata umaarufu katika sinema. Aliyechezeshwa kwa mtutu ndiye aliyekuja kuushika mtutu. Njuka alikua.

Kucheza kwa mtutu: Out West (1918)

Out West iliongozwa na Roscoe Arbuckle, mtu mnene mwepesi wa miguu ambaye siku hizo umaarufu wake ulikuwa unakaribiana na ule wa Charlie Chaplin. Keaton alikuwa mwanafunzi wake katika kazi ya filamu. Waliigiza pamoja kuanzia mwaka 1917. Hadithi ni nyepesi. Mtu mnene anasafiri juu ya treni bila tikiti, anatupwa jangwani, anafukuzwa na Wahindi Wekundu, anatumbukia katika mji mmoja wa ovyo na kupata kazi ya kuuza pombe katika baa ya Keaton.

Kama utani dhidi ya kauboi, filamu hii inafanya kazi yake vizuri. Katika baa ile mtu akiibia karata anapigwa risasi, na maiti inasukumiwa shimoni chini ya sakafu kana kwamba ni takataka za kila siku. Kifo, ambacho Hart angekililia, hapa ni kazi ya usafi tu. Adui, anayeigizwa na Al St. John, anavunjiwa chupa kichwani moja baada ya nyingine wala hatikisiki. Anapigwa risasi, bado amesimama. Halafu inagunduliwa dawa yake: kutekenywa. Jambazi aliyeshindikana kwa chuma anaishiwa nguvu kwa vidole mbavuni. Hapo nilicheka na sijuti. Mbavu zote ni sawa, ziwe za stelingi au za adui, na bastola haiwezi kuzilinda.

Lakini kabla ya hapo anaingia baani mtu mmoja Mweusi. Hajamkosea mtu. Watu wa baa, Arbuckle na Keaton wakiwamo, wanatoa bastola na kuanza kupiga risasi miguuni mwake. Anarukaruka. Ni tukio lile lile la mwaka 1903, risasi zile zile, sakafu ile ile. Kilichobadilika ni miguu.

Badiliko hilo ni kubwa kuliko linavyoonekana. Yule mgeni wa 1903 alikuwa anachekwa kwa ugeni wake, na ugeni huisha. Kesho atanunua kofia pana, kesho kutwa atakuwa Broncho Billy. Huyu wa 1918 anachekwa kwa ngozi yake, na ngozi haivuliwi mlangoni. Hakuna kesho ambapo atageuka kuwa mmoja wao na kuushika mtutu. Tukumbuke pia kwamba Marekani ya miaka hiyo ilikuwa nchi ambamo watu Weusi walikuwa wakiuawa na makundi ya raia hadharani, na mara nyingi wauaji hawakuguswa na sheria. Mtu Mweusi kuzungukwa na wazungu wenye bastola halikuwa jambo la kubuni. Mtazamaji wa wakati ule alijua, na kicheko kilipita juu ya ujuzi huo kama gurudumu juu ya jiwe.

Anaingia mwanamke wa Jeshi la Wokovu, ambaye nafasi yake imechukuliwa na Alice Lake, anawakemea, nao wanainamisha vichwa kama watoto waliokamatwa wakiiba sukari. Ndipo mchezo unaisha.

Utani si uonevu

Hapa naomba niazime kipimo nyumbani, kwa sababu sijaona kingine kinachofaa zaidi. Sisi tuna utani. Babu na mjukuu wana utani, Mchaga na Mpare wana utani, na zipo jamii nyingi ambazo watani hufika msibani wakamkejeli hata marehemu mbele ya jeneza, na hakuna anayekunja ngumi. Mgeni akiona mambo haya anaweza kudhani ni utovu wa adabu. Sivyo. Utani una sheria zake, na sheria ya kwanza ni kwamba unakwenda na kurudi. Mjukuu akimwita babu mume mwenzake, babu naye ana la kumjibu. Tena mtani anayekucheka msibani ndiye huyo huyo anayeshika jembe kuchimba kaburi. Kicheko chake kina deni, naye analilipa.

Kwa hiyo kicheko kisichoweza kurudishwa si utani. Jina lake ni uonevu, hata kama waliomo ukumbini wote wamefurahi. Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Methali hii tunaitumia kumwonya mtu anayepuuza jambo dogo. Naona inafaa pia kuwa kanuni ya uhakiki: ukikutana na mzaha, bonyeza uone kama chini yake pana usaha.

Tukiupima mzaha wa Out West kwa kanuni hii, tunapata majibu mawili tofauti ndani ya filamu moja. Kumtekenya jambazi ni utani, maana jambazi ana nguvu, ana bastola, ana wenzake, na akipata nafasi atalipiza. Kumchezesha mtu Mweusi ni uonevu, maana hana bastola, hana mwenzake baani, na filamu yenyewe haikumpa hata kibao kimoja cha maandishi aseme neno. Katika sinema ya kimya wote hawana sauti, lakini wengine wamenyimwa hata kimya chao.

Kofia, kipepeo na mafuta: The Paleface (1922)

Kufikia mwaka 1920 Keaton alikuwa na studio yake, anaongoza filamu zake mwenyewe pamoja na Edward F. Cline. Mwaka 1922 alitoa The Frozen North, ambayo ni utani wa moja kwa moja kwa William S. Hart. Anamwiga mpaka machozi yake. Anaingia katika nyumba, anamwona mwanamke amekumbatiana na mwanamume, anadhani ni mkewe, anabubujikwa machozi ya ushujaa, anawapiga risasi wote wawili, ndipo anagundua kwamba nyumba si yake na mke si wake. Inasimuliwa kwamba Hart aliudhika sana. Kwa kipimo chetu, utani huu ni halali: Hart alikuwa mkubwa, alikuwa na jina na fedha, na angeweza kujibu. Kununa ni shauri lake.

The Paleface ni ngumu zaidi kuipima. Matajiri wa mafuta wanawaibia Wahindi Wekundu hati ya ardhi yao, kisha wanawaamuru waondoke. Chifu anaapa kwamba mzungu wa kwanza atakayepita getini atauawa. Geti linafunguka na Keaton anaingia, na wavu wake mkononi, anamfukuza kipepeo. Haoni mtu. Haoni hatari. Wenye hasira wote wamemzunguka, yeye macho yake yako kwa kipepeo.

Nawaomba wasomaji waitazame picha hii kwa utulivu, kwa sababu ni picha ya ukoloni iliyogeuzwa kichwa chini. Mzungu anaingia katika nchi ya watu bila hodi, anakusanya anachokipenda, na hajui kabisa kwamba yupo katika nchi ya watu. Safari hii anayechekwa ni yeye. Wenyeji ndio wanaotazama, yeye ndiye anayetazamwa. Kipepeo na kisima cha mafuta vina ndugu mmoja, yaani ile imani kwamba kila kilichopo mbele yako ni cha kuchukuliwa.

Tena suala la mafuta halikuwa mchezo. Katika miaka hiyo hiyo ya 1920, huko Oklahoma, watu wa kabila la Osage walikuwa wakiuawa mmoja mmoja ili haki zao za mafuta ziangukie mikononi mwa wazungu. Si wenyeji wote wa Marekani waliotambuliwa kuwa raia wa nchi hiyo kabla ya mwaka 1924. Sidai kwamba Keaton aliwafikiria Osage alipotengeneza filamu yake. Nasema tu kwamba wizi aliouweka kama chanzo cha hadithi ulikuwa wizi uliokuwapo, na hakuuficha.

Hata hivyo tusiisifu filamu hii kupita kiasi. Chifu mwenyewe anaigizwa na mzungu, Joe Roberts, aliyevishwa manyoya. Wenyeji wanajaribu kumchoma Keaton, lakini amevaa nguo za asbesto ndani, haungui, basi wanamsujudia. Anapewa cheo, anawaongoza kwenda kudai ardhi yao, anaipata hati, anapewa na mke. Mwokozi ametoka nje, kama kawaida ya hadithi hizi. Wizi wameibiwa wao, ushindi amepewa yeye.

Pana hata hivyo dakika moja inayoyasahihisha haya kidogo. Tajiri wa mafuta anamlazimisha Keaton wabadilishane nguo. Keaton anatoka amevaa suti ya tajiri, na papo hapo wale wale waliomsujudia wanaanza kumpiga mishale. Wanajua wanachokipiga: wanaipiga ile suti. Ni katika mfuko wa suti hiyo hiyo ndimo anamoikuta hati ya ardhi. Ukitaka maudhui ya filamu nzima, yamo mfukoni mule, wala hakuna mhusika aliyesema neno.

Tabasamu la kulazimishwa: Go West (1925)

Go West ndiyo filamu ambayo ningependa kila mwanafunzi wa fasihi aione. Keaton anaigiza kijana ambaye filamu inamwita kwa jina lenye maana ya asiye na rafiki. Anauza kila alichonacho kwa mwenye duka, kisha anakumbuka kwamba picha ya mama yake imebaki ndani ya kabati aliloliuza. Anaichukua, na mwenye duka anamtoza. Anatoka na mkate na soseji. Anakwenda New York, anakanyagwa na umati. Anakwenda magharibi kwa treni ya mizigo, anaangukia kwenye ranchi, anaajiriwa.

Hajui lolote la kazi hiyo. Anaweka ndoo chini ya ng'ombe, anaketi, anangoja ng'ombe atoe maziwa kwa hiari yake. Anaokota bastola ndogo ya kike, anaitia katika ala kubwa ya kikauboi, inazama, basi anaifunga uzi ili aweze kuivuta. Kwa hiyo yale majigambo ya bastola tuliyoyaona mwaka 1903 hapa yananing'inia kwenye uzi.

Anapata rafiki mmoja tu, ng'ombe aitwaye Brown Eyes. Anamtoa jiwe kwato, naye ng'ombe baadaye anamkinga asichomwe pembe na dume. Ikifika zamu ya ng'ombe huyo kutiwa chapa ya moto, kijana anakataa asiumizwe. Anachukua povu la sabuni na wembe, anamnyoa manyoya kwa umbo la ile chapa. Mwenye ranchi anapata alama yake, ng'ombe anabaki na ngozi yake. Nimefikiri sana juu ya tukio hili. Chapa ni umiliki unaoandikwa kwa maumivu. Kijana huyu anaandika herufi zile zile bila maumivu. Ni kitendo cha mnyonge aliyeelewa jinsi ya kutii amri huku akiinyima kile ilichokitaka. Mtu angesema ni ujanja wa Sungura, lakini mimi sikubali. Sungura humdanganya mwenzake ili ashibe. Huyu hamdanganyi mtu kwa faida yake.

Sasa tuje kwenye tukio lililonifanya niandike. Vijana wa ranchi wanacheza karata. Msimamizi anaiba, kijana anamwambia kwamba ameiba. Msimamizi anatoa bastola, anamwelekezea, anamwamuru kwamba akisema neno lile atabasamu. Ni utani kwa usemi uliokwisha kuwa maarufu katika hadithi za makauboi. Lakini amepewa nani amri hiyo? Amepewa Buster Keaton, mtu ambaye dunia nzima ilijua kwamba hatabasamu. Kamera inamtazama. Bastola inangoja. Halafu anainua vidole viwili, anaziweka pembe za mdomo wake, anazisukuma juu. Macho hayabadiliki hata kidogo.

Wapenzi wa sinema wa wakati ule waliitambua ishara ile. Ilitoka katika filamu ya D. W. Griffith ya mwaka 1919, Broken Blossoms, ambamo Lillian Gish anaigiza binti anayepigwa na baba yake, na baba huyo anamwamuru atabasamu. Binti anajisukuma mdomo kwa vidole. Kwa hiyo Keaton amechukua ishara ya mtoto aliyeonewa akaiweka mbele ya mtutu wa kauboi. Tunacheka, lakini safari hii kicheko kinatuonyesha kilichomo ndani yake: mtu mwenye bastola ambaye haridhiki kukuibia, anataka na uso wako umuunge mkono.

Turudi Out West. Mwaka 1918 Keaton alikuwa miongoni mwa walioshika bastola, na mtu mwingine akarukaruka. Mwaka 1925 amekaa upande wa pili wa mtutu. Yule alitakiwa acheze, huyu anatakiwa acheke. Amri ni moja: onyesha kwamba unafurahi kuonewa. Sisi tuliowahi kusimama juu ya masanduku bwenini tunaijua amri hiyo. Fimbo haikuwa kitu kigumu. Kigumu kilikuwa kucheka pamoja nao ili isirudi.

Pingamizi mbili

La kwanza najua litaletwa na walimu wangu: usiihukumu kazi ya 1918 kwa macho ya leo. Ni onyo zuri. Lakini tuisome filamu yenyewe. Ni Out West inayomleta mwanamke wa Jeshi la Wokovu kuwakemea, na ni Out West inayowainamisha vichwa. Filamu ilijua kwamba jambo lile ni ovu. Ilijua, ikacheka kwanza, ikatubu baadaye, halafu ikaendelea na safari. Hatuhitaji macho ya leo kuyaona haya. Macho ya 1918 yalitosha.

La pili ni langu mwenyewe. Je, nimesuka hadithi tamu mno, ya mwonevu aliyegeuka akatubu? Hapana budi niseme kwamba mambo hayakunyooka hivyo. Mwaka huo huo wa 1925 Keaton alitoa Seven Chances, na humo mna mzaha wa kijana anayetafuta mchumba kwa haraka, anamfuata mwanamke njiani, akimwona kuwa ni Mweusi anageuka. Kwa hiyo mkono ulioandika Go West ndio ulioandika na huo. Sisemi kwamba Keaton alitubu. Nasema kwamba katika Go West, kwa dakika chache, mzaha wenyewe uliona mbali kuliko mwenye mzaha. Kazi ya sanaa huweza kufanya hivyo, na mhakiki anayetafuta tu kama msanii alikuwa mtu mwema au mtu mbaya ataikosa.

Hitimisho

Mwishoni mwa Go West kijana amemwokolea tajiri wake mifugo yote, baada ya kuiswaga katikati ya jiji la Los Angeles akiwa amevaa mavazi mekundu ya shetani. Tajiri, kwa shukrani, anamwambia aombe chochote. Binti yake amesimama pale. Kijana ananyoosha kidole kuelekea kwa binti, anasema anamtaka yeye. Binti anafurahi, kumbe aliyeonyeshwa ni ng'ombe aliye nyuma. Wanaondoka kwa gari, ng'ombe amekaa kiti cha nyuma pamoja naye. Hakuna ndoa, hakuna bastola iliyotamba. Stelingi hajafa, ila hajawa stelingi.

Nimejaribu kuonyesha kwamba kichekesho kina dhamira, na kwamba dhamira hiyo haikai pembeni ya mzaha ikingoja kuchunwa kama embe. Imo katika swali la nani anaanguka na nani amesimama akimtazama. Sinema hizi hazina maneno ya kutupotosha, ndiyo maana zinatulazimisha tutazame. Njia hiyo hiyo inafaa kwa tamthilia zetu, kwa vichekesho vya redioni, na kwa maigizo ya mahafali ambayo kila mwaka yana mlevi wake, mshamba wake na mlemavu wake, nasi tunapiga makofi.

Sikatai kucheka. Niliiangalia Out West mara ya pili peke yangu, na jambazi alipotekenywa nilicheka tena. Ilipofika sakafu na risasi, nilimtazama yule mtu usoni badala ya miguuni. Alikuwa anatabasamu. Sijui kama aliambiwa atabasamu, au alijua mwenyewe kwamba inapasa.